Andika Panya

Kamati imeniomba kurasa mbili,
historia fupi ya kuchapwa kwenye kijitabu
kati ya ratiba, namba za mahema na bei ya chai.
Nilianza vizuri: "Mkusanyiko wetu wa Sifa
uliasisiwa na wazee saba waliofunuliwa usiku..."
Bibi Chhunthuami, mwenye chongo la jicho la kushoto,
alinisikiliza hadi nukta, akacheka hadi kukohoa.

"Saba gani? Wanaume wote walikuwa bondeni
wakichimba viazi mwitu. Andika panya."

Basi naandika panya.

Mwaka ule mianzi ilichanua, mlima mzima,
maua ya rangi ya majivu, na wajuao wakanyamaza.
Mwanzi hauchanui mara mbili machoni pa mtu
ila aliyeandikiwa njaa mbili.
Mbegu zikamwagika. Panya wakala, wakazaa,
wakala, wakazaa, na mbegu zilipokwisha
wakaugeukia mpunga wetu.
Jioni shamba la Darkungi lilikuwa limesimama;
kulipokucha yalibaki mabua,
yamekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi.

"Yalisalia magunia kumi na moja, kijiji kizima.
Tukayapanga kanisani, mbele ya mimbari,
tukayalinda, wanawake tisa,
kila mmoja na debe lake la mafuta ya taa.
Tuligonga. Mkono ukichoka hutafuta mwendo,
na mwendo ukishapatikana, mdomo haukai bure.
Thanzuali akaanzisha wimbo wa kumi na saba
kwa kuwa ndio pekee alioujua mpaka ubeti wa mwisho."

Nikauliza, kalamu tayari: Roho alishuka?

"Sijui. Mimi nilikuwa naogopa kulala.
Ukilala unasikia meno."

Usiku wa tatu panya walikwisha kuyazoea madebe.
Walipita katikati ya wimbo bila haraka,
kama waumini waliochelewa wanaojua viti vyao.
Usiku wa tano gunia la mwisho lilikuwa kitambaa tu.

"Na wa sita?"

"Tulikuja."

"Kulinda nini?"

"Tulikuja na madebe, mwanangu. Nani angekaa nyumbani
asikilize matumbo ya watoto yakizungumza?
Kama unatafuta mwanzo, ni huo wa sita.
Tano za kwanza tulikuwa tunafukuza panya."

Mchungaji Hrangvunga alirudi kutoka mjini
na nusu debe la unga na barua ya ahadi,
akakuta kanisani mdundo, jambo lililokatazwa.
Alisimama mlangoni muda mrefu, ukungu mabegani.
Kisha akamimina unga ndani ya sufuria,
akaligeuza debe lake juu chini, akakaa.

Nimefuta saba, nimeandika tisa.
Majina ninayo sita. Wawili walizikwa
kabla ya mavuno yaliyofuata, na Bibi hataki
kuwataja kwa ajili ya kijitabu.
Wa tisa alikuwa mpita njia aliyeona taa,
akaimba hadi alfajiri kwa lugha ya bonde jingine,
akaondoka bila kuomba hata maji.

Mwenyekiti amesoma, amekuna kidevu.
"Panya, kwenye ukurasa wa kwanza?"
Nikasema ndiyo. Akasema tutaona.

Ijumaa mabasi yatapanda kutoka Aizawl,
mahema mia mbili, jenereta tatu,
spika kubwa kama makabati ya bibi harusi.
Bibi Chhunthuami atakaa kiti cha plastiki, safu ya pili,
na mabinti wa mapokezi watamuuliza ametoka wapi.

Nimemtazama miaka mingi bila kuelewa.
Sifa zinapofika kileleni, mikono yote juu,
vijana wanalia, ngoma inatikisa mbao,
yeye hainui mkono.
Anainamisha kichwa, sikio moja kuelekea sakafuni,
anasubiri,
halafu anaendelea na ubeti.