Jumla Haziwiani

Fomu imerudi kutoka kata
na mstari wa wino mwekundu chini yake:
*Mwalimu, jumla haziwiani. Rekebisha kabla ya Ijumaa.*

Wavulana ishirini na wanane.
Wasichana thelathini na watatu.
Nami nikaandika sitini na wawili,
kwa mkono wangu, mchana kweupe, nikiwa mzima wa afya.

Basi nawasha taa ya sola, naanza upya.
Darasa la saba, Shule ya Msingi Isongwa, Urambo.

Safu ya umri: Mihayo ana kumi na miwili kwenye cheti,
kumi na mitano mabegani.
Safu ya makazi: Lusangija aliandikishwa hapa Januari.
Machi ng'ombe wa baba yake wakafuata majani Kaliua,
naye akaandikishwa huko. Juni wamerudi.
Kwenye takwimu za mkoa ni watoto wawili.
Kwangu ni mmoja, na daftari hana hata hilo moja.
Nahimana: babu yake aliingia nchi hii na shoka na kibuyu,
leo uraia wao umetundikwa ukutani kwenye fremu ya kioo.
Fomu haina kisanduku cha habari hiyo,
na Nahimana hajawahi kukiulizia.

Halafu ufaulu. A mpaka E.

Februari darasa lilikuwa nusu.
Nusu nyingine ilikuwa mabanini, ikilisha moto usiku kucha
tumbaku isije ikaharibika.
Waliporudi walinuka moshi,
wakalala fofofo juu ya sehemu na desimali.
Sikuwaamsha wote.

Nenda nyumbani kwa kina Kashindye mwezi wa tano
umwone akiteua.
Jani hulipapasa kwa kidole gumba, hulinusa,
hulinyoosha kwenye mwanga wa mlango:
hili daraja la kwanza. Hili la tatu. Hili la kutupa.
Karani wa chama cha msingi hubishana na baba mtu,
na mjomba mtu, na mizani;
na Kashindye habishani.
Kwenye karatasi yangu Kashindye ana E ya Sayansi.
Niliiandika mimi.
Yeye nilimnyoosha kwenye mwanga gani?

Lakini nilikuwa natafuta mtu wa sitini na mbili.

Nyanzala huja na mdogo wake mgongoni,
mama yao akiwa shambani tangu alfajiri.
Humlaza chini ya dawati, juu ya kitenge,
humpa kipande cha chaki achezee. Hukila.
Jumatatu niliuliza, nane mara saba?
Kimya. Kuku akapita mlangoni, akatutazama, akaenda zake.
Ndipo sauti ikatoka chini, kinywa kimejaa unga mweupe:
*Hamsini na sita!*

Hajui nane ni nini. Saba haijui.
Anajua tu kwamba maneno haya yakiitwa, yale huitikia,
kama mlango na komeo.
Wapo niliowapa B kwa ujuzi huohuo.
Darasa likacheka mpaka vumbi likashuka kwenye kenchi,
na mimi, Mungu anisamehe, nikamchorea vema ubaoni,
kubwa, ya chaki nzima.

Kumbe mkono ulikuwa unakumbuka.
Kabula. Jinsi: ke. Umri: minne.
Makazi: chini ya dawati la tatu, upande wa dirisha.

Nimechukua wembe, nimeikwangua ile mbili
polepole, jinsi tulivyofundishwa chuoni,
nikaandika moja juu yake.
Sasa zinawiana.
Ila karatasi imekuwa nyembamba mahali pale.
Bwana wa takwimu, ikikufikia,
inyooshe kidogo kwenye mwanga wa mlango.