Jumamosi, Lyulilo

Vyungu vinashuka mtumbwini vimevishwa nyasi,
vya Ikombe, bado vinanuka moshi.
Mgeni wa tamasha, kamera shingoni,
anauliza: urithi wenu mnauhifadhi wapi?

Subilaga hajibu. Anakigonga chungu kwa kifundo cha kidole,
anatega sikio.
Kizima huitika ngoo. Chenye ufa hukohoa.
Hiki kinakohoa;
anakisukumia nyuma, kwenye kivuli cha khanga yake,
kitachemsha mbasa wa jioni.
“Mfinyanzi hulia gaeni,” anacheka,
“ila hakuna aulizaye utamu wa gae.”

Mlima Livingstone umetumbukiza miguu ziwani,
hauna haraka na soko.

Mgeni anapita safu nzima, anagonga, anagonga,
anarudi, anaonyesha nyuma ya khanga:
nipe kile.

Kile kina mwenyewe.