Tairi la Lori

Eliufoo, aliyepanda Kibo mara mia tatu na ushei,
sasa anavuta tairi la lori
kwa kamba kiunoni, njia ya kahawa, Kibosho,
saa kumi na moja alfajiri.
Watoto wa shule wanamfuata:
"Babu, gari umeliacha wapi?"

Usiku hulala chumba cha barafu
kwenye bucha ya Massawe, Kiborloni,
katikati ya mapaja ya ng'ombe,
akihesabu vidole.

Namuuliza, huko Ncha ya Kusini kilele kina urefu gani?
"Hakuna kilele, Ndeshi. Tambarare kama sinia.
Siku hamsini unateleza juu ya mbao mbili.
Ukifika, hujapanda popote."

Nikaendelea kufuma soksi ya sita.
Nje mlima ukajitokeza, kipara.
Hakuutazama.
Alikuwa anakaza fundo.