Mlango Uonekane

Delawar kapaka vipande vinne ukutani,
kila kimoja upana wa sinia,
kaacha brashi kwenye maji, kaenda kuswali.
"Chagueni," kasema, kwa Kiarabu chake cha mkato.

Mundhir anataka kiza.
Anataka majlisi rangi ya ndimu kavu,
ile iliyokaa juani hadi ikaungua ndani.
Nje huko, asema, Ibra ina mwanga wa kutosha;
mtu akiingia apumzishe macho,
ashuke taratibu kama ndoo kisimani.

Mimi nataka tui.
Si nyeupe ya hospitali, la. Tui la pili,
lile jepesi.
Miaka kumi na mmoja nafuta vumbi la nyumba hii,
naijua rangi ya kiza inavyolitangaza.
"Na hiyo yako? Doa la kahawa je?"
Nitaliona. Ndiyo raha yake: nikiliona, nalifuta.

Saa nne jua likaingia dirishani,
kipande chake kikaumeza mwanga wote,
changu kikamemeta hata kikaumiza.
Kila mtu akajifanya hakuona.

Ndipo Mama akatoka chumbani,
mkono mmoja mbele, kama anayesukuma pazia
ambalo sisi hatulioni.
Mtoto wa jicho, kushoto na kulia.
Akaupapasa ukuta, rangi bado mbichi.

"Hizi zote kwangu ukungu," akasema,
"huu mzito, huu mwepesi.
Pakeni mtakayo. Lakini mlango!
Jana usiku nimeutafuta mlango wa choo
mpaka nikaona haya.
Nyeupe juu ya nyeupe. Nani kauficha?"

Mundhir akainamia ndoo.
Mimi nikalitazama zulia.

Delawar akarudi, kofia bado kichwani.
Kuta: tui.
Milango yote mitano, na fremu zake,
ndimu kavu, mikono miwili.
Akarudi nyuma hatua tatu, akakunja jicho:
"Nyumba imetiwa wanja," akasema,
akadai riali sita za ziada.

Usiku ule sikulala, nikasikiliza kandambili:
hatua, hatua,
hatua,
kisha kitasa.

Nyuma ya kabati hatukupaka.
Vile vipande vinne vipo hadi leo,
na katikati yake vidole vya Mama,
vimepita toka kiza hadi tui
bila kusimama.