Kutoa Upepo

Miaka ishirini na saba nilikaa kwenye mizani
nikiandika uzito wa malori yatokayo Tunduma,
ekseli kwa ekseli.
Umezidisha, baba. Egesha pembeni.
Sikuwahi kuuliza lori linasimamaje.

Kiinua mgongo kilipotoka nikanunua pikipiki,
si hizi za abiria na magunia ya mkaa:
ndefu, ya kukalia kwa kuegemea kama kiti cha kinyozi,
usukani pembe za ng'ombe, kromu tupu.
Watoto wa Ilemi walijitazama meno kwenye taa yake.
Syabumi, mke wangu, aliizunguka mara moja:
"Na hii nayo inalala ndani?"

Ililala ndani.

Isyonje, mwezi wa tano. Ukungu umeshuka
hadi magotini mwa ng'ombe.
Mbele yangu Fuso la viazi linakohoa gia ya pili.
Nikavuta breki. Mkono ukaja wote, ukagusa mpini,
na chuma kikaendelea na safari yake
kama mgeni asiyeelewa kwamba chakula kimekwisha.
Lumbesa zikanijia, zimevimba, nikaviona
viazi kimoja kimoja kwenye matundu ya wavu,
na hata wakati ule, Mungu anisamehe,
nilikuwa nakadiria tani.

Mtaro ulinipokea. Matope, na goti.

Fundi ni binti, Tusekile, Mwanjelwa,
nyuma ya wauza mitumba.
Alizungusha gurudumu, akatega sikio kama mkunga.
"Breki ya ngoma hii. Ya kusimamishia baiskeli.
Chuma hiki, na wewe juu yake, kilo ngapi?"
Mimi, karani wa mizani,
nikatazama viatu vyangu.

Tuliuza ekzosi mbili za kromu na mikoba ya ngozi.
Kwa basi la usiku kutoka Dar vikaja, ndani ya boksi la sabuni,
diski pana yenye matundu,
kalipa ya pistoni mbili,
mpira uliosukwa kwa waya wa chuma.
Asukile wa kijiweni akapiga paja:
"Wenzako wanatia mwendo, wewe unanunua kusimama!"
Gurudumu la nyuma tuliliacha na ngoma yake.
Hela iliishia hapo.

Kisha kazi ya watu wawili.

Pampu.
Pampu tena.
Shika.
Nimeshika.
Usiachie mpaka niseme.

Amechuchumaa, spana namba nane, nati nusu mzunguko,
na kwenye mpira mwembamba vipovu vikapanda
vidogo kama mayai ya chura,
vikatumbukia kwenye chupa ya maji ya Uhai.
Funga. Pampu. Shika.
"Upepo unabonyea, mzee. Mafuta hayabonyei.
Pakiwa na upepo, wewe unavuta
na gurudumu halina habari."

Tulirudia hadi jua likahama ukutani.
Kiganja kikaniuma. Nikamwaza Syabumi,
maneno niliyomvutia miaka yote hiyo,
mkono ukigusa mpini.
Shika, mzee! Umeachia.
Tukaanza upya.

Mara ya mwisho mkono uligoma katikati,
mgumu, kama mtu aliyekushika bega.
Tusekile akafuta mikono kwa petroli.
"Siku mbili uende nayo taratibu,
diski na pedi zizoeane."
Kama maharusi, nikatania.
Hakucheka. Alikuwa anahesabu hela.

Jumamosi nikarudi Isyonje,
mteremko uleule, ukungu uleule.
Nikavuta kwa vidole viwili.
Pikipiki ikainamisha kichwa, ikasimama.
Ikasimama kweli, mguu wangu chini,
injini inaguna, na kando ya barabara
palikuwa na meza ya mianzi ambayo sijawahi kuiona,
na mama mwenye sweta la kijani
aliyepanga viazi kwa mafungu.
"Tangu mwaka jana unanipita tu," akasema.

Nikanunua ndoo nzima.
Ndipo nikakumbuka mikoba tuliiuza.
Nikavua koti, nikafunga viazi kama mtoto mgongoni,
nikashuka nao polepole kwa Syabumi,
nikijua, kwa mara ya kwanza, kilo zangu.