Dang'a

Mvua ya Tukuyu haina adabu, haibishi hodi.
Tangu alfajiri iko juu ya bati,
nami niko jikoni na tumbo la wiki ya thelathini na sita,
nimepakata kanga iliyokunjwa ikawa mtoto.

"Usimpelekee titi," kasema nesi Kikoti,
"mlete yeye kwenye titi.
Ngoja afunue kinywa kama apigaye miayo,
kidevu kitangulie, pua iwe huru,
akamate na weusi, si ncha tupu."
Kanga haina kinywa. Haina njaa.
Ni mtoto mwema kuliko wote niliowahi kunyonyesha.

Niliyewahi kumnyonyesha ni mmoja.

Ipyana alizaliwa Juni, baridi ikiuma masikio.
Dang'a yangu, nzito, njano ya kiini cha yai la kienyeji,
waliikamulia kwenye bakuli
wakaimwaga shinani mwa mgomba:
uchafu wa miezi tisa, walisema.
Siku ya tatu matiti yakawa mawe ya mto Kiwira.
Siku ya tano chuchu zikapasuka,
mtoto akacheua damu, na damu ile ilikuwa yangu.
Siku ya tisa homa, la kushoto likaiva jipu,
wakalichana kwa kitana kilichopashwa moto,
kitana cha mbao, kile kile cha nywele.
Ndipo mama mkwe akaokota sisimizi,
akamtia kwenye tone langu, ndani ya kijiko.
Sisimizi akafa.
"Mmeona? Maziwa machungu."

Hakuna aliyeuliza kama sisimizi anajua kuogelea.
Hata mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili
na kijiko kilikuwa na ushahidi.

Ipyana akalelewa na ng'ombe wa jirani,
maziwa nusu, maji nusu,
na mimi nikajifunga kanga kifuani, nikakaza
kama azuiaye mlango usiku.
Kanisani, mtoto wa mwenzangu akilia,
blauzi yangu ililowa.
Hakuna aliyeuambia mwili kwamba kesi imekwisha.

Sasa ana miaka mitano, magoti yote makovu,
anapanda mparachichi hadi tawi linaloniogopesha mimi.
Ng'ombe yule nisimtukane.

Juzi mama mkwe kaja na mkungu kichwani,
kautua, kajifuta mvua usoni,
akasema huku akiutazama moto:
"Safari hii, ile ya njano tusiimwage."
Ndiyo radhi yake.
Nimeipokea kama ndizi zake, na maganda yake.

Namba ya nesi nimeiandika kwa mkaa nyuma ya mlango.
Lusekelo nimemfundisha:
nikisema siwezi, usiniambie ninaweza,
niletee maji, kisha kaa.
Amerudia mara mbili, kama mtoto wa kipaimara.
Na kikombe kidogo nimekichemsha, na kijiko,
nimeviweka rafuni, mbele, pasipo pazia.
Nesi alivitazama asiseme neno.
Mimi pia sijui ni woga au ni akili.
Huyu ajaye atashiba. Hilo tu ndilo nililoapa.

Nikageuza kanga upande wa kushoto,
upande wa kovu, upande ninaouogea haraka.
Nikakaa nao.
Mvua ikapungua kidogo, ikakumbuka, ikarudi.
Kisha bila kuitwa likaja tone,
likajishikiza, likadondoka mezani,
njano, dogo kuliko punje ya ulezi.

Nilitafuta sisimizi kwa macho. Wote walikimbia mvua.
Basi nikalichovya kwa kidole, nikalamba.

Chumvi kidogo. Halafu utamu, kwa mbali,
kama mtu aitaye kutoka bonde la pili.

"Mama unakula nini?"
Ipyana mlangoni, matope hadi mapajani,
parachichi tatu ndani ya gauni.
"Na mimi nionje."