Viatu Vyako Viko Uani

Ulivivua mlangoni bila kuinama,
kisigino kwa ncha ya mguu, kimoja, halafu cha pili.
Simpo nyeupe. Zilikuwa nyeupe.
Nikakuonyesha jamvi, mjomba wake Sikuzani akakohoa,
nami nikabaki kizingitini.
Mambo ya mahari ni ya wanaume, wanasema.
Haya. Acha mimi nisome hapa.

Soli ina udongo mwekundu wa Mwanga:
umetoka Kibirizi hadi Ujiji kwa miguu,
nauli ukainunulia soda ulizotuletea.
Kwenye mshono, mstari mweupe uliokauka:
dawa ya meno. Ulisugua usiku, taa mbali,
ukasahau kusuuza.
Kitambaa kimepiga umanjano kandokando ya raba.
Ulianika juani, mwanangu, juu ya bati nadhani,
na jua la kiangazi halina adabu na kitu cheupe.

Nikatia mkono mpaka vidoleni.
Unyevu. Chini ya unyevu, sabuni.
Chini ya sabuni, pafyumu (ee, umevipulizia!)
na chini ya yote hayo,
dagaa.

Sikucheka sana.
Baba yake Sikuzani aliingia na harufu hiyo kitandani
miaka ishirini na sita,
na sikulala njaa.

Basi nikavichukua.
Nikavigonganisha kwanza, udongo mkavu uanguke;
udongo wa huku ukiulowesha kabla ya kuukung'uta
unageuka rangi, na rangi haisikii kuombwa.
Nikang'oa ule unyayo wa ndani, ambao wewe
hujaugusa tangu dukani. Chini yake:
magamba matatu, mchanga wa mwaloni,
na risiti ya kilo za mtu mwingine.
Sikuzani akaleta maji bila kuagizwa,
ya uvuguvugu, maana gundi haitaki moto.
Sabuni ya kipande, kidogo. Mswaki laini, mduara kwa mduara.
Sikuviloweka. Viatu si kunde.

Ndani mjomba alitaja laki nane.
Sauti yako ikashuka, ikasema tano,
na nyingine mwezi ukiingia giza, taa zikirudi majini.
Hukuapa. Nilisikiliza kama utaapa.

Nilikuwa nimefika kisigino, pale palipopondeka.
Wewe ni mtu wa haraka:
unakanyaga nyuma ya kiatu kama ndala.
Hilo nitakuambia mwenyewe, mjomba hana habari nalo.
Kiatu kisicho na kamba kinashikwa na kisigino tu.
Ukikivunja hapo, huna tena kiatu,
una sahani.

Nikavijaza magazeti ya mwaka jana,
nikavizungushia karatasi ya chooni, tabaka mbili,
umanjano uhamie huko,
nikaviweka kivulini nyuma ya pipa
vikiwa vimefungwa kichwa kizima kama wagonjwa wa Maweni.

Ukatoka. Ukatazama kizingiti.
Makubadhi ya mjomba, yapo. Ndala za Sikuzani, zipo.
Raba za yule mtoto wa jirani anayekuja kunusa soda, zipo.
Nikaona uso wako ukiporomoka.
Watu wamenyimwa wake hapa Ujiji,
lakini kunyang'anywa na viatu, sijasikia.

"Viko uani," nikasema. "Nimevifua.
Na usije kesho, kesho vitakuwa bado.
Njoo Ijumaa, baada ya swala."

Mjomba akafungua mdomo, laki nane zikiwa bado ulimini.
Akanitazama mikono, povu mpaka viwikoni.
Akaufunga.

Ukaondoka na kandambili zangu za bluu,
visigino vyako vikining'inia nje nusu kidole,
chapa, chapa, ukipandisha kwenda barabarani
kama bata aliyechelewa.
Ulipofika kwenye nguzo ya umeme nikakuita,
nawe ukageuka haraka mno, moja ikakuponyoka.

"Hizo uzirudishe!" nikasema.
"Zikiwa zimeoshwa."